Kuweka mlisho ndani ya ukurasa wenyewe wa matangazo ya mtaa

Tovuti ya matangazo ya mtaa huwa na wasomaji wa aina mbili. Kuna anayefungua ukurasa kwa simu akiwa kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, na kuna asiyeufungua kabisa: ana kisomaji cha milisho kinachomletea habari mpya za tovuti zote anazozifuata. Wa kwanza anasoma HTML, lugha ambayo kurasa za wavuti huandikwa kwayo. Wa pili anasoma mlisho, yaani orodha ya habari mpya iliyoandikwa kwa ajili ya programu: faili la XML lililokaa kando, kwa mtindo wa RSS au wa Atom, ambalo aghalabu hata mwenye tovuti halitazami. Matatizo huzaliwa hapo. Mazishi yanasogezwa kutoka baada ya adhuhuri hadi baada ya alasiri, msimamizi anarekebisha ukurasa, faili la kando linabaki na wakati wa zamani, na jamaa anayetoka Changamwe anafika makaburini asikute mtu.

Dawa yake ni kuandika tangazo mara moja tu, ndani ya ukurasa ule ule unaosomwa na watu, kisha kulitia alama ambazo programu inaweza kuzielewa. Ukurasa unakuwa ndio mlisho. Faili la XML, kama bado linahitajika, linazalishwa kutokana na ukurasa. Mkono wa mtu hauligusi. Mifano iliyomo humu ni ya tovuti ya kubuni ya mtaa mmoja wa Mombasa, lakini mwenye duka Marikiti, shule au timu ya mpira anaweza kuifuata vile vile.

Alama hizo huitwa mikroformati. RSS ilianza 1999 pale Netscape, RSS 2.0 ikatoka 2002, na Atom ikachapishwa kuwa kiwango rasmi, RFC 4287, Desemba 2005. Mwaka huo huo harakati ya mikroformati ilianza, na miongoni mwa kazi zake ikawa hAtom: kuchukua msamiati wa Atom na kuutumia kama majina ya klasi, yaani yale yanayoandikwa kwenye `class` ya tagi, ndani ya HTML ya kawaida. Toleo la pili la mikroformati lilibadilisha majina. `hfeed` ikawa `h-feed`, `hentry` ikawa `h-entry`, `entry-title` ikawa `p-name`. Tumia toleo la pili. La kwanza bado linasomwa kwa ajili ya kurasa za zamani, lakini hakuna sababu ya kuanza nalo leo.

Hatua ya kwanza: simamisha mifupa ya ukurasa

Kabla ya klasi yoyote, hakikisha HTML yenyewe ina maana. Ukurasa uliojengwa kwa `div` tupu, moja juu ya nyingine, unaweza kutiwa mikroformati na ukafanya kazi, ila utakuwa mgumu kuutunza, na asiyeona anayetumia kisoma-skrini atapotea ndani yake. Weka `main` moja. Kila aina ya matangazo iwe na `section` yake yenye kichwa chake. Kila tangazo liwe `article`.

```
<html lang="sw">
...
<main>
  <section class="h-feed">
    <h2 class="p-name">Tanzia</h2>
    <article class="h-entry"> ... </article>
    <article class="h-entry"> ... </article>
  </section>
</main>
```

Usifunge orodha nzima ndani ya `article` nyingine ya nje. Kwa kanuni za HTML, `article` iliyo ndani ya `article` inahusiana na ile ya nje, kama maoni ya wasomaji yanavyohusiana na habari waliyoisoma. Tangazo la maji na tangazo la mechi hayana uhusiano huo. Yanasimama kila moja peke yake.

Usiache `lang="sw"`. Kisoma-skrini huitegemea kuchagua sauti ya kutamka, na tangazo moja moja la Kiingereza unaweza kulipa `lang="en"` kwenye `article` yake.

Hatua ya pili: kamilisha tangazo moja

Herufi za mwanzo za klasi ndizo zinazoiambia programu asome nini. `h-` huanzisha kitu kizima. `p-` ni maandishi matupu, `u-` ni anwani, `dt-` ni tarehe na saa, na `e-` ni maandishi pamoja na HTML iliyomo. Tangazo kamili linaonekana hivi:

```
<article class="h-entry">
  <h3><a class="p-name u-url" href="/tanzia/2025-09-12-1">
    Tanzia: mazishi ni baada ya swala ya alasiri</a></h3>
  <p>Limetolewa
    <time class="dt-published" datetime="2025-09-12T20:15:00+03:00">
      Ijumaa, 12 Septemba 2025, saa mbili na robo usiku</time>;
    limerekebishwa
    <time class="dt-updated" datetime="2025-09-13T08:40:00+03:00">
      Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi</time>.</p>
  <div class="e-content">
    <p>Wakati wa mazishi umebadilika...</p>
  </div>
  <p>Mtaa: <a class="p-category" href="/mitaa/kisauni">Kisauni</a></p>
</article>
```

Tazama kiungo kilicho kwenye kichwa. Kina klasi mbili: `p-name` inachukua maneno yake, `u-url` inachukua anwani iliyo ndani ya `href`. Kipengele kimoja, kazi mbili, wala hakuna kilichoandikwa mara ya pili.

Anwani hiyo ndiyo kitambulisho cha tangazo, kwa hiyo isibadilike kamwe. Mifumo mingi hutengeneza anwani kutokana na maneno ya kichwa. Ukibadilisha kichwa na anwani ikabadilika nayo, kisomaji kitadhani ni tangazo jipya, na msomaji atajikuta na tanzia mbili za mtu mmoja zenye nyakati mbili tofauti. Ndiyo maana anwani ya mfano ina tarehe na namba tu. Kichwa kirekebishwe kadiri inavyohitajika, anwani ibaki pale pale, na `dt-updated` iseme ni lini.

Sasa kuhusu mabango. Matangazo mengi hapa kwetu hufika kwa msimamizi yakiwa picha: bango lililotengenezwa kwa simu, likazungushwa WhatsApp, maandishi yote yakiwa ndani ya picha. Kuipandisha picha ile na kuishia hapo ni kuweka tangazo tupu. Kisomaji cha milisho hakitapata neno hata moja, mitambo ya kutafuta vivyo hivyo, na asiyeona hatajua kuna mkutano. Naliomba hili kwa kila anayetunza ukurasa wa mtaa: yaandike maneno ya bango. Ni dakika chache. Picha yenyewe iweke chini ya maneno kwa klasi `u-photo`, na sifa ya `alt` ieleze ni bango la nini. Hata mwenye bando linalokaribia kwisha atakushukuru, kwa sababu maneno yatamfikia kabla picha haijafunguka.

Hatua ya tatu: saa

Makosa mengi ya kurasa za Kiswahili yako hapa, nayo hayaonekani kwa macho. Msomaji anataka kuona saa mbili usiku. Programu inataka `20:00`. Tagi ya `time` inawatosheleza wote wawili: maneno yanayoonekana yawe ya saa zetu, na sifa ya `datetime` iwe ya saa 24.

Kugeuza si kazi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa tatu asubuhi ni `09:00`, saa nane mchana ni `14:00`, saa kumi na mbili jioni ni `18:00`. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18: saa tatu usiku ni `21:00`. Saa sita usiku ni `00:00`, na hapo tarehe inageuka. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, punguza 6: saa kumi na moja alfajiri ni `05:00`.

Jihadhari na tarehe za usiku. Watu wengi wa Pwani huhesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoitangulia Ijumaa. Kompyuta hubadilisha siku saa sita usiku. Maulidi ya usiku wa kuamkia Ijumaa yatakayoanza saa tatu yawekwe kwenye `datetime` kwa tarehe ya Alhamisi, na maneno yanayoonekana yataje zote mbili: Alhamisi saa tatu usiku, kuamkia Ijumaa. Vivyo hivyo tarehe za Hijria: ziandike kwenye maneno upendavyo, lakini `datetime` inapokea kalenda ya miladi peke yake.

Mwishoni weka `+03:00` kila mara, maana ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Bila hiyo, kijana wa Mombasa aliyeko Dubai au London anaweza kuletewa saa isiyo yake. Weka pia sekunde, hata zikiwa sifuri, kwa kuwa Atom hufuata mtindo wa RFC 3339 unaozidai.

Je, kama saa haijulikani? Baada ya swala ya alasiri ni wakati unaoeleweka na kila Mwislamu wa hapa, lakini si saa ya kuandikwa kwa tarakimu. Usibuni. Andika tarehe peke yake, `datetime="2025-09-13"`, ambayo ni sahihi kabisa kwa HTML, na maneno yaseme baada ya swala ya alasiri.

Hatua ya nne: kupachika kitu ndani ya kitu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ukipaelewa hapa mengine yote ni maandishi tu. Kila `h-` ni ua wenye ukuta wake. Alama iliyo ndani ya ua ni mali ya ua ulio karibu nayo zaidi, haivuki ukuta kwenda kwa ua wa nje. Kwa hiyo `p-name` iliyo ndani ya `h-entry` ni kichwa cha tangazo, haiwi kamwe jina la mlisho, hata kama mlisho wenyewe hauna jina.

Ua unaweza kuwa ndani ya ua kwa njia mbili. Ukiupa klasi ya `h-` pekee, unahesabiwa kuwa mtoto wa ule wa nje. Ndivyo `h-entry` zinavyokaa ndani ya `h-feed`. Ukiupa na klasi ya sifa, kama `p-author h-card` (`h-card` ni kadi ya mtu au kikundi), unakuwa jibu la swali fulani kuhusu ule wa nje: mwandishi ni nani? Ni huyu, na hii ndiyo kadi yake.

Anza na mwandishi. Badala ya kumtaja kwenye kila tangazo, mtaje mara moja juu ya mlisho:

```
<section class="h-feed">
  <h2 class="p-name">Tanzia</h2>
  <p>Msimamizi:
    <a class="p-author h-card" href="/kuhusu">Kamati ya matangazo</a></p>
  ...
```

Tangazo lisilo na mwandishi wake hurithi yule wa mlisho. Urithi huo ni mzuri hadi siku chama cha akina mama kitakapoleta tangazo lao. Usipowaandika wao kama `p-author h-card` ndani ya `h-entry` ile, programu itaamini kwamba kamati ndiyo inayochangisha pesa. Kwenye mambo ya fedha hilo si dogo.

Kisha tukio. Tarehe ya kutolewa tangazo si tarehe ya shughuli inayotangazwa. Nimeona kurasa ambazo `dt-published` imebeba siku ya harusi ya wiki mbili mbele, na tangazo likakaa juu ya orodha siku zote hizo, kwa sababu visomaji hupanga kwa tarehe. Shughuli ipewe ua wake, `h-event`, ndani ya maudhui:

```
<div class="e-content">
  <p>Ratiba mpya ni hii:</p>
  <div class="h-event">
    <span class="p-name">Mazishi</span>,
    <time class="dt-start" datetime="2025-09-13">Jumamosi,
      13 Septemba 2025</time>, baada ya swala ya alasiri,
    <span class="p-location">makaburi ya mtaa</span>.
  </div>
</div>
```

`p-name` ya tukio imezungukwa na ukuta wa `h-event`, kwa hiyo haigombani na kichwa cha tangazo. Programu ya kalenda inaweza kulichukua tukio peke yake. Kisomaji cha milisho kinachukua tangazo zima. Hakuna aliyeandika kitu mara mbili.

Milisho mingi kwenye ukurasa mmoja inaruhusiwa: tanzia, maji na umeme, michezo. Iweke kama ndugu, ubavu kwa ubavu, kila mmoja na `section` yake. Unaweza kushawishika kuifunga yote ndani ya `h-feed` moja kubwa ya tovuti nzima. Kikanuni si kosa, ila kisomaji kinachofungua `h-feed` ile ya nje kikitarajia kukuta `h-entry` kitakuta `h-feed` nyingine, na kinaweza kuonyesha orodha tupu. Mimi siifungi hivyo. Anayetaka yote kwa pamoja mtengenezee ukurasa wake, `/yote`, wenye `h-feed` moja na matangazo yote yakifuatana bila tabaka, `p-category` ikitofautisha aina. Na kwenye ukurasa wa mwanzo, ule mlisho ambao hutaki mtu aukose uwe wa kwanza kutoka juu, kwa kuwa si kila kisomaji kitauliza msomaji anataka upi.

Halafu kuna kunakili kutoka kwa majirani. Ukurasa wa Likoni umetoa tangazo linalowagusa watu wa Kisauni, nawe unataka kulionyesha. Lipe `h-cite`, ua wa kitu kilichonukuliwa, ndani ya tangazo lako, na anwani ya kwao ionekane:

```
<article class="h-entry">
  <p><a class="u-url" href="/maji/2025-09-14-2">Tumelinakili
    kutoka kwa jirani:</a></p>
  <blockquote class="u-repost-of h-cite">
    <a class="p-name u-url"
       href="https://jirani.example/maji/77">Maji kukatwa siku mbili</a>
    <p class="p-content">...</p>
  </blockquote>
</article>
```

Sasa kuna `u-url` mbili, lakini kila moja iko ndani ya ua wake: ya nje ni ya tangazo lako, ya ndani ni ya chanzo.

Ukiwa unavuta maudhui ya jirani kwa programu na kuyamwaga ndani ya `e-content` moja kwa moja, yasafishe kwanza. `e-content` si ukuta. Sifa zilizomo ndani yake ni za `h-entry` yako. HTML ya jirani ikiwa na kiungo chenye `u-url`, tangazo lako litapata anwani ya pili, na kisomaji kinaweza kulipeleka kwa jirani. Ondoa sifa ya `class` kwenye kila kipengele kinachotoka nje. Na kwa usalama wa wasomaji, ondoa `script`, `iframe` na sifa zote zinazoanza na `on`, kama `onclick`. Tumia maktaba inayotambulika ya kusafisha HTML. Kusafisha kwa kutafuta na kufuta maneno huacha mianya.

Hatua ya tano: klasi zinazogongana

Kama ukurasa umepambwa kwa Tailwind au Bootstrap, zana za mapambo zenye klasi zilizotayarishwa, kagua majina. Tailwind ina klasi za urefu kama `h-full`, `h-screen` na `h-auto`. Bootstrap nayo ina `h-auto`. Kichanganuzi cha mikroformati, yaani programu inayozisoma alama hizi, kinaona herufi `h-` ikifuatwa na herufi ndogo, na kinajenga ua mpya papo hapo. Zenye tarakimu, kama `h-8` au `p-4`, hazina neno. Ukiwa na `<body class="h-full">`, milisho yako yote inageuka kuwa watoto wa kitu kiitwacho `h-full` ambacho hakuna kisomaji kinachokijua. Hamishia urefu huo kwenye CSS yako mwenyewe kwa jina jingine.

Wenye WordPress wana lao. Mandhari nyingi huongeza `hentry` kwenye kila chapisho zenyewe. Ukiacha `hentry` ya zamani na ndani yake ukaandika `p-name` ya kisasa, haitasomwa, kwa kuwa ndani ya ua wa zamani husomwa majina ya zamani tu. Ongeza `h-entry` kwenye kipengele kile kile, na sifa zote ziwe za toleo la pili.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kutangaza

Kuna vichanganuzi huru kwa PHP, Ruby, JavaScript na Python. Cha Python kinaitwa mf2py:

```
import mf2py
data = mf2py.parse(url="https://mtaa.example/")
for f in data["items"]:
    if "h-feed" in f["type"]:
        print(f["properties"].get("name"))
        for e in f.get("children", []):
            p = e["properties"]
            print(" -", p.get("name"), p.get("published"), p.get("url"))
```

Soma matokeo kwa utulivu. Ukiona majina ya milisho na chini yake matangazo, kila moja na kichwa, tarehe na anwani moja tu, umefika. Usipoona chochote ilhali ukurasa umejaa, rudi hatua ya tano: kuna ua wa bahati mbaya unaozunguka yote. Anwani mbili kwenye tangazo moja zinaonyesha maudhui ambayo hayakusafishwa. Tarehe iliyotoka kama maneno, saa mbili na robo usiku, maana yake `datetime` imesahauliwa, na kichanganuzi kimechukua kile kilichoonekana.

Hatua ya saba: zalisha faili la Atom

Visomaji vingi bado vinataka RSS au Atom, na hao wasomaji hatuwaachi. Una njia mbili. Huduma ya granary inaweza kusoma ukurasa wenye `h-feed` na kuutoa kama Atom, RSS au JSON Feed. Au unaandika programu fupi kwenye seva yako, ukitumia matokeo yale yale ya mf2py, inayoendeshwa kila ukurasa unapobadilika. Napendelea njia ya pili kwa tovuti ya mtaa, kwa sababu haitegemei seva ya mtu mwingine.

Ulinganifu ni mwepesi: `name` inakwenda `title`, `url` inakwenda `id` na `link`, `published` na `updated` zinabaki na majina yao, `content` inaingia kama HTML. Atom inalazimisha kila tangazo liwe na `id`, `title` na `updated`. Tangazo ambalo halijawahi kurekebishwa halina `dt-updated`, basi programu iweke saa ya kutolewa mahali pake. Ikiwa tovuti itahama, tuseme kutoka anwani ya bure kwenda `.or.ke`, matangazo ya zamani yabaki na `id` zao za zamani hata kama `link` inaelekea kwingine; vinginevyo kila msomaji ataletewa matangazo yote upya siku ya kuhama.

Kisha lionyeshe faili hilo kwenye `head`:

```
<link rel="alternate" type="application/atom+xml"
      title="Matangazo yote" href="/yote.atom">
```

Hakikisha seva inatuma `ETag` au `Last-Modified`, alama zinazoonyesha kama faili limebadilika. Kisomaji kikirudi na hakuna jipya, kitajibiwa 304, yaani hakuna kilichobadilika, bila kupakua kitu, na bando la msomaji litapona.

Kuhusu tanzia, kuna jambo la kufikiria mapema. Kilichoingia kwenye mlisho kimeshanakiliwa kwenye vifaa vya watu, na kukifuta kwenye ukurasa hakukifuti kule. RFC 6721 ya 2012 ilitoa njia ya kutangaza tangazo lililofutwa, lakini usitarajie kisomaji cha kawaida kiifuate. Kwa hiyo namba ya simu ya kupokea rambirambi isiwekwe kwenye kichwa wala kwenye muhtasari, na mchango ukifungwa usilifute tangazo: liandike upya, useme mchango umefungwa, ondoa namba, na usogeze `dt-updated`. Visomaji vitakavyorudi kulichukua vitaleta maneno mapya juu ya yale ya zamani.

Hatua ya nane: kurasa za tangazo moja moja

Kila `u-url` lazima ifungue ukurasa halisi, wenye `h-entry` ile ile peke yake. Kiolezo kiwe kimoja kwa orodha na kwa ukurasa huu, ili rekebisho moja lionekane kote. Tofauti ni moja tu, nayo hupotea kwa urahisi: kwenye ukurasa wa tangazo moja hakuna `h-feed` inayolizunguka, kwa hiyo hakuna wa kurithi mwandishi kutoka kwake. Ongeza `p-author h-card` ndani ya `h-entry` hapo, hata kama ni kamati ile ile.

Orodha ya mbele ikae na matangazo 20 hivi. Yaliyopita yahamie kurasa za kila mwezi, `/2025/09` na kuendelea, zikiwa na `h-feed` na klasi zile zile, na kiungo cha `rel="prev"` kutoka kila mwezi kwenda uliotangulia. Anwani za matangazo yenyewe hazihami.